Milango ya Nyuma ya Gari la Baba Zuhura

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile niliporudi nyuma hatua kumi, pale Newala, nikaitazama milango miwili niliyoifunga kwa mikono yangu, nikajiambia kwamba kutoka Masasi mpaka Newala hakuna fundi wa kunishinda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Leo meno yamepungua na macho yanaona ukungu, lakini asubuhi ile bado naiona. Sogea karibu nikusimulie, maana nawe umeanza kushika kazi, na sifa zimeanza kukufikia mapema kama zilivyonifikia mimi.

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Chidya, katika ukoo wa watu wa kanisa, na useremala nilifundishwa kwenye karakana ya misheni. Nilipohitimu nikapewa cheti. Nilikiweka kwenye sanduku la vyombo, juu kabisa, ili kila anayeniita akione kwanza kabla hajaiona misumeno. Nilikwishafunga milango ya madarasa, ya nyumba za walimu na ya kanisa moja, na hakuna hata mmoja uliokwaruza sakafu. Nikapanda Newala kutafuta kazi zaidi, na huko ndiko nilikokutana na Baba Zuhura.

Baba Zuhura alikuwa mwenye duka, mtu wa swala tano, mwenye maneno machache. Alikuwa na gari moja kuukuu lililotumika vitani kabla ya kuuzwa: chasisi ya chuma, na juu yake sanduku kubwa la mbao. Lilibeba watu na mizigo kati ya Newala na Masasi. Milango yake miwili ya nyuma ilikuwa imeoza, na mmoja ulivunjika kabisa gari liliporudi nyuma likagonga mkorosho. Akaniita niitengeneze mipya.

Dereva wake aliitwa Saidi, kijana wa rika langu, mpole. Alilijua gari lile kama mtu anavyomjua bibi yake, wapi panamuuma na saa ngapi atalalamika. Siku nilipoanza kazi, springi za nyuma za upande wa kushoto zilikuwa zimefunguliwa na kupelekwa kwa mhunzi. Nyuma ya gari iliegemezwa juu ya magogo, na Saidi alikuwa ameyapanga vizuri, likakaa sawa kabisa. Nilipoweka pima maji, kiputo kilitulia katikati. Nikafurahi.

"Fundi," Saidi akaniambia, "ungengoja springi zirudi. Gari hili likiwa juu ya magogo si lile likiwa na mzigo. Limezeeka. Upande wa kushoto unalala."

"Mlango ni mlango," nikamjibu. "Nimeshafunga mingi."

"Ya nyumba hiyo. Nyumba haitembei, fundi."

Wateja waliokuwa barazani wakacheka. Hawakunicheka kwa ubaya, mwanangu, lakini kijana mwenye cheti kicheko kidogo humchoma kama pilipili jichoni. Tangu hapo kila alichosema Saidi nilikisikia kama dharau, hata kilipokuwa msaada. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliona hata kuonywa ni matusi.

Nikapasua mbao za mninga, nikaunda milango, nikaitundika kwenye bawaba mpya. Uwazi kati ya mlango na mlango ulikuwa wa njiti ya kiberiti, juu mpaka chini. Hapo ndipo niliporudi nyuma hatua kumi nikajisifu.

Kesho yake springi zikarudi. Saidi akazifunga, akaondoa magogo, gari likakaa kwenye magurudumu yake. Nikasikia mbao zinalia. Upande wa kushoto ulishuka taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kigoda, na milango yangu ikapishana. Kwa juu ikabanana, kwa chini ukabaki uwazi ambao ungepitisha vidole viwili.

Saidi hakucheka. Alisema tu, "Legeza bawaba, fundi. Tupakie magunia ndani, likae kama linavyokaa safarini, ndipo upange upya. Mimi nitakushikia."

Alikuwa amesema kweli, na mimi nilijua. Lakini kulegeza bawaba mbele ya watu wale wale wa barazani ilikuwa ni kukiri. Nikachukua randa. Nikauranda mlango wa kushoto ubavuni, nikauranda tena, mpaka ukaacha kubanana. Mlango ulifunga, lakini komeo sasa halikufika vizuri kwenye tundu lake. Liliingia kwa ncha tu, kiasi cha unene wa ukucha. Nikalisukuma, likalia ta! Nikasema, "Limekamata." Nikapaka rangi ya kijani kila mahali nilipokwangua, nikafunga sanduku langu.

Siku iliyofuata gari liliteremka Masasi. Miongoni mwa mizigo ilikuwamo mitungi ya Mama Asumini wa Mnyambe, mjane, mfinyanzi ambaye watu wa mbali walimjua kwa kazi yake. Watu wa Nanganga, kule mbele ya Masasi, walikuwa wameiagiza kwa sherehe ya kuwatoa watoto wao jandoni. Alikuwa amefinyanga kwa miezi, na ndugu zake waliibeba vichwani mpaka Newala. Wakaipanga ndani ya gari kwa nyasi, mmoja mmoja, kama wanalaza watoto wachanga. Mama Asumini mwenyewe akapanda mbele, karibu na dereva.

Walipofika kwenye mteremko, pale barabara ilipokatwa na mifereji ya mvua, gari likajipinda. Ile ncha ya komeo ikachomoka. Milango ikafunguka yote miwili, na mitungi ikaanza kuanguka barabarani. Saidi alisimamisha haraka, lakini waliposhuka, njia nzima nyuma yao ilikuwa vigae vitupu. Ilibaki mitungi mitano. Wakaifunga milango kwa kamba, wakarudi Newala.

Niliwaona wakifika. Baba Zuhura akatoka dukani, akatazama. Kisha akaniuliza, "Fundi, komeo lilikuwa zima?"

Mwanangu, pale ndipo penyewe. Ningeweza kusema neno moja la kweli, mambo yakaishia hapo. Nikasema, "Lilikuwa zima, Baba Zuhura. Lakini mlango usipofungwa vizuri, hata uwe wa chuma utafunguka."

Jina la Saidi sikulitaja. Sikuwa na haja ya kulitaja. Watu wote waligeuka wakamtazama yeye.

"Nilifunga," Saidi akasema. "Nilisukuma mara mbili."

Hakusema neno juu ya randa. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda aliona atafanana na mtu anayetafuta pa kujifichia. Baba Zuhura alinyoosha mkono, na Saidi akamwekea ufunguo kiganjani. Akachukua koti lake, akaondoka kwa miguu. Mimi nikabaki nimesimama na cheti changu.

Siku tatu nilikula bila kusikia ladha. Nilijiambia kwamba labda kweli hakufunga, kwamba barabara ni mbaya, kwamba gari lenyewe ni bovu. Uongo una kazi nyingi, mwanangu. Ukishausema inabidi uulishe kila siku.

Siku ya nne Mama Asumini akaja kuchukua mitungi yake mitano. Alinikuta nyuma ya duka, kando ya gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie mlango huu."

Nikafungua kamba. Akaufunga mlango polepole, akasikiliza komeo likilia. Akainama, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa mlango, pale nilipopaka rangi. Kidole cha mfinyanzi kinaona kuliko jicho. Kilisimama kila mahali randa ilipopita. Kisha akausukuma mlango kwa kiganja, kidogo tu, na komeo likachomoka.

Hakupandisha sauti. Alikaa juu ya gogo, akaniambia, "Mimi nikichoma vyungu, kimoja kikapasuka, siendi kwanza kugombana na kuni. Nachukua kigae naangalia udongo wangu. Mara nyingi nakuta kijiwe nilichokiacha mwenyewe kwa uvivu. Inauma, lakini ndivyo nilivyojifunza kufinyanga."

Nikaikunja ile kamba mkononi.

"Nilimwona Saidi akifunga," akaendelea. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa, maana mali ilikuwa yangu. Siku ile sikujua mlango umefungukaje, ndiyo maana sikusema. Leo nimejua. Mitungi yangu imevunjika, basi, udongo uko bondeni, nitafinyanga mingine. Lakini yule kijana umemvunjia jina. Hilo nalo atalifinyanga nani?"

Nililia, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zangu nililia mbele ya mwanamke wa umri wa mama yangu, na yeye aliniacha nilie. Kisha akasema, "Haya. Kamwambie mwenye gari. Mimi sitakusemea."

Nikaingia dukani. Wale wa barazani walikuwepo, na nilitaka kungoja waondoke, lakini miguu ilijua kwamba nikingoja sitasema tena. Nikamweleza Baba Zuhura yote, la magogo, la randa, la komeo, na lile neno nililolisema.

Baba Zuhura akaniuliza, "Saidi alikuonya?"

"Alinionya mara mbili."

Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza. "Mimi nilimhukumu bila kuangalia mlango. Hilo ni langu, nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini wewe utampelekea ufunguo huu kwa mkono wako."

Nilitembea mpaka Masasi, siku mbili, nikiuliza njiani. Nilimkuta Saidi shambani kwa mjomba wake, analima. Aliposikia ninalolisema aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akarudi, akaniambia, "Ungesema siku ile." Nikasema, "Ningesema." Akauchukua ufunguo. Kisha akauliza, "Na milango?"

"Bado. Nataka tuipange pamoja."

Tuliporudi, Baba Zuhura alimwomba radhi mbele ya watu wa barazani, kama alivyomhukumu mbele yao. Baada ya hapo tukaanza kazi.

Mlango wa kushoto niliutupa, kwa sababu mbao iliyorandwa hairudi. Nikaunda mwingine. Safari hii gari lilisimama kwenye magurudumu yake, na Saidi akapakia magunia ndani. Magunia hayakutosha, akawaita wale wa barazani wakapanda, wazee wazima, wakakaa mle ndani wakicheka na kulalamika joto. Sanduku likalala upande wake kama kawaida. Pima maji niliiacha kwenye vyombo. Tulianza na upande uliolala: tukapachika vipande vya bati chini ya bawaba ya chini, tukakaza kidogo, tukafunga mlango, tukatazama, tukalegeza, tukaongeza kipande. Saidi alishika mlango, mimi nilishika bisibisi. Ulipokaa sawa tukauleta wa kulia umfuate mwenzake. Komeo tulilifunga mwisho kabisa, likaingia mpaka shinani. Kisha Saidi akaliendesha gari juu ya mifereji yote ya pale nyuma ya soko na wazee wamo ndani, na milango haikutikisika.

Ukiitazama milango gari likiwa tupu, ilionekana imepinda kidogo. Mtu mmoja mgeni aliniambia, "Fundi, milango yako imekaa upande." Sikumjibu.

Mitungi ya Mama Asumini niliilipa kwa mgongo. Kila alfajiri nilishuka bondeni nikapanda na kapu la udongo, nikabeba kuni na maji, mpaka akafinyanga mingine kufidia yote iliyovunjika. Watoto walinicheka, mwanamume kubeba udongo wa kufinyangia! Sherehe ya Nanganga ilikuwa imekwishapita. Waliazima mitungi kwa jirani. Mama Asumini akaiuza ile mipya kwa watu wengine, na hakunitaja vibaya popote.

Saidi hakuwa rafiki yangu haraka. Salamu yake ilikuwa fupi kwa muda mrefu, na nilistahili. Miaka ilipita ndipo siku moja alinikuta Masasi, akaniambia kuna mtu ana gari kuukuu linataka milango, na amemwambia amtafute Barnaba, ndiye mimi. Nililala na furaha usiku ule kuliko siku niliyopewa cheti.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitengeneza kitu cha zamani, kijue kwanza kilivyolala. Usikipime kikiwa kimeegemezwa, kipime kikiwa na mzigo wake, na watu ni hivyo hivyo, hasa wazee na wale utakaoishi nao nyumba moja. Anayekijua chombo kuliko wewe msikilize, hata kama hana cheti, hata kama amewafanya watu wakucheke. Ukikosea, legeza bawaba uanze upya mchana kweupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukiupaka rangi tu utaujenga huku unalia. Na kosa la mkono wako usimtwishe mwenzako. Usijidanganye kwamba hukumtaja jina. Ukimtwisha, mtafute, hata kwa safari ya siku mbili, umrudishie alichonyang'anywa kwa sababu yako.

Haya, nenda kazini kwako. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usioona haya kusema nimekosa. Akuongezee watu wa kukuonya, na masikio ya kuwasikia ungali kijana. Amina.