Amri Isiyoandikwa

Shangazi yangu ana miguu mikubwa na hatua nyepesi, na kwa miaka kumi na mmoja alilipwa mshahara kwa sababu ya mambo hayo mawili. Alikuwa mlinzi wa ndani katika duka kubwa la ghorofa tatu: manukato na mikoba chini, nguo katikati, vyombo vya nyumbani juu. Alivaa raba alizojinunulia mwenyewe ili soli zisilie kwenye vigae, na redio ya kuongelea ameibana begani. Wenzake walimwita Kivuli. Nyumbani hatukuthubutu, maana shangazi hana dogo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu mweusi akiingia, bawabu alisema redioni, "Namba tisa," kisha akataja nguo aliyovaa. Shangazi akamfuata, hatua tano nyuma yake, mpaka atoke. Mweupe akiingia, bawabu alimkaribisha tu na redio ikakaa kimya. Amri hiyo haikuandikwa popote. Shangazi aliambiwa siku yake ya kwanza, kwa sauti ya chini, na mlinzi aliyekuwa anaacha kazi, ambaye naye aliambiwa vivyo hivyo na aliyemtangulia.

Na shangazi ni mweusi kama mimi. Nililelewa kwake, pamoja na wanawe watatu na mumewe, ambaye mgongo ulimstaafisha mapema. Sote sita tulikula kwa mshahara ule mmoja. Nilipotimiza miaka kumi na mitano nilimuuliza kwa nini anakubali kuwafuata watu wetu kama wezi. Akanijibu, "Hiyo sukari unayotia kwenye chai ndiyo inayokubali." Nikanywa chai yake, na nikaendelea kununa kwa miaka miwili.

Kilichomgeuza hakikuwa kununa kwangu. Asubuhi moja aliingia mzee mweusi mwenye koti lililonyooshwa kwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Bawabu akaita namba. Mzee akapanda mpaka juu, kwenye birika za umeme, na shangazi nyuma yake. Bila kugeuka, mzee akasema, "Binti, sogea. Macho yangu hayasomi maandishi madogo. Hii inachukua lita ngapi?"

"Moja na nusu, mzee," akasema shangazi.

"Ahsante. " Mzee akageuka, akamtazama usoni. "Unajua, nimefuatwa madukani tangu ujana wangu, nimezoea. Lakini wewe umefanana na binti yangu wa mwisho. Hilo sikuwa nimelizoea."

Hakusema kwa hasira. Alilipia birika yake, akaaga, akaenda zake. Muda uleule makoti matatu ya ngozi yaliyeyuka ghorofa ya kati, na aliyeyabeba hakuitwa namba yoyote na mtu yeyote.

Jioni hiyo shangazi alikaa jikoni bila kuvua raba. "Angenitukana ningejua la kumjibu," alisema. Kisha akalia. Alisingizia vitunguu, wakati kilichokuwa motoni ni maji ya chai. Nilimwonea huruma, na nikajionea haya kwa ile miaka miwili.

Kesho yake akalivalia njuga. Hakugoma kufuata watu, la hasha. Aliwafuata wote. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mweupe mwenye kofia ya bluu, mteja wa siku nyingi. "Namba tisa, manukato, kofia ya bluu," shangazi alitangaza redioni, na walinzi wenzake wakashika mbavu huko waliko. Akamfuata bwana aliyechagua tai kwa nusu saa nzima, mpaka bwana mwenyewe akaona isiwe tabu, akamuuliza ipi inampendeza. Akawafuata maharusi watarajiwa, akamfuata padri. Siku ya tatu meneja alishuka kujitafutia shati, akageuka, akamkuta hatua tano nyuma yake.

Ofisini meneja alikuwa na barua mbili za malalamiko mezani. "Umepatwa na nini wewe? Wale ni wateja."

"Na wale ninaowafuata siku zote ni nani, bosi?"

"Usijitie hamnazo. Unajua ninachosema. Kuna watu na kuna watu."

Shangazi akachomoa karatasi tupu mezani. Akamsogezea meneja. "Basi iandike. Mlinzi amfuate mteja mweusi, asimfuate mweupe. Tia sahihi yako na muhuri wa duka. Nitaibandika pale mlangoni kwa mkono wangu, na nitaitii kuanzia saa hii."

Meneja alichukua kalamu, kisha akaiweka chini. Karatasi ikabaki tupu. Mwishowe akasema, "Nenda nyumbani wiki moja. Nitakuita nikikuhitaji."

Mumewe alimpokea mlangoni. "Kibarua kimeota nyasi?"

"Bado. Zinachipua tu."

Walicheka, lakini usiku wa kwanza hakuna aliyemaliza chakula chake. Nilisema nitaacha shule nitafute kazi. Shangazi alinipandisha na kunishusha kwa macho, akasema nikirudia neno hilo atanifuata mimi hatua tano nyuma mpaka darasani. Halafu akaniambia nichukue daftari. Tuliandika barua ya kupeleka makao makuu ya duka, na kazi tuligawana: yeye alitamka matusi, mimi nikaandika hoja. Kurasa nne nikazipunguza hadi moja. Tulieleza amri ilivyo, nani aliipokea kwa nani, na jinsi makoti matatu yalivyotoka mlangoni wakati mlinzi anamsomea mzee lita za birika.

Huku nyuma meneja alimpa kazi ya shangazi mlinzi wa maegesho, kijana mweupe, mpole. Kijana akasikiliza maelekezo, akauliza, "Nimesikia dada ameomba iandikwe. Nami naomba kuisoma kwanza." Meneja akamwendea mlinzi wa pili, akajibiwa vilevile. Siku ya tano bawabu mwenyewe, mzee mweupe aliyesimama mlango ule miaka thelathini, aliingia ofisini akaiweka redio yake mezani. "Namba ile siiti tena," alisema. "Nimeiita kwa kinywa changu miaka yote hii, na kila nilipoiita nilitazama chini."

Walinzi wote wakatia sahihi barua yetu. Sahihi ya bawabu ndiyo kubwa kuliko zote.

Majibu yalichukua majuma mawili, na humo katikati tulionja wasiwasi ambao simtakii mtu. Yalipofika, yalikuwa na maandishi yale aliyoyataka shangazi, ila yamegeuka: mlinzi asimfuate mteja yeyote ambaye hajaonekana akificha kitu. Yakabandikwa chumba cha wafanyakazi, na shangazi akarudishwa kazini. Meneja hakufukuzwa, wala hakuomba radhi. Siku ya kwanza alimwambia, "Umerudi," naye akajibu, "Nimerudi," na mpaka leo mazungumzo yao hayazidi hapo sana.

Siku yake ya mapumziko alinichukua twende dukani. Tuliingia mlango wa wateja. "Karibu, dada," alisema bawabu, na redio yake ikakaa kimya. Tulizunguka saa nzima. Shangazi alipapasa mataulo, akanusa manukato, akajaribu viatu vya visigino virefu ambavyo hawezi kuvitembelea hata kwa dawa. Tulipokaribia kutoka, mimi nikachukua pakiti ya sindano, ya bei ya chini kabisa, nikaelekea kwa mtunza fedha.

"Una nguo ya kushona?" shangazi akaniuliza.

"Sina."

Tulitazamana. Tangu utoto nilifundishwa, na yeye ndiye aliyenifundisha, kwamba mtu wetu hatoki dukani bila kununua. Nunua hata kiberiti, shika risiti mkononi ionekane, usiweke mikono mfukoni.

"Rudisha," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya, mwanangu. Rudisha."

Nikazirudisha sindano mahali pake. Tukatoka mikono mitupu, polepole, na hakuna aliyetutazama.