Debe la Majani ya Blugamu

Mpaka leo nikinusa majani ya blugamu, ule mkaratusi, yakichemka, natema mate. Watu wa kambi wanadhani ni maringo. Maringo gani? Ni kichefuchefu, na najua kilipoanzia.

Bitutu alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, katika kambi ya shamba moja la majani chai huku Kericho. Tulitoka Kisii pamoja, tukachuma mistari iliyopakana. Mume wake Mokaya alikufa mwaka wa sitini na nane, akamwachia msichana mmoja, Phelis. Nyumba ilikuwa ya shamba. Ukiacha kazi, unatoka.

Ugonjwa ulianza na jicho. Liliingia ukungu mwezi mzima, kisha likapona lenyewe. Mwaka uliofuata miguu ikashikwa na ganzi, halafu ukaja ule uchovu. Uchovu wa kuchuma naujua mimi, unalala nao na asubuhi umekwisha. Wake aliamka nao. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia ni mishipa ya fahamu inaharibika, na dawa ya kuiponya hakuna. Apumzike kabla hajachoka, na aogope joto.

Basi akajipanga. Alichuma kwa nguvu alfajiri, kitambaa cha kichwa amekilowesha mtoni. Ugali alisonga ameketi. Siku ya kufua hakufagia, na siku ya kufagia hakufua. Mimi mwenye miguu mizima nilimwonea wivu kwa akili hiyo.

Lakini saa nne jua likiwaka, aliketi chini katikati ya michai, na akisimama alipepesuka. Hapo ndipo uchafu wa watu ulipotoka. Ondieki, nyapara wetu, mtu wa kwetu kabisa, aliyekula kwa Mokaya mara nisizoweza kuhesabu, alimwigiza anavyotembea. Akasema ni pombe ya busaa. Na wanawake tuliokaa nao benchi moja kanisani walicheka mpaka vikapu vikatikisika mgongoni. Walinichukiza. Nilishindwa hata kula nao chakula cha mchana.

Meneja akasikia. Kwenye banda la mizani kulikuwa na kazi ya kuchambua majani, unatoa yaliyokomaa, umeketi kivulini. Akasema Jumatatu saa mbili Bitutu atembee mwenyewe kutoka kambini hadi bandani, achambue kikapu kimoja mbele yake. Akiweza, kazi ni yake na nyumba anabaki nayo. Akishindwa, atoke mwisho wa mwezi.

Siku mbili Bitutu alilala tu. Alitunza nguvu zake kama unavyotunza kiberiti wakati wa mvua.

Jumatatu alfajiri nikaingia kwake na debe la maji yanayochemka, majani ya blugamu yamejaa ndani. Kwetu mwanamke akilegea anakandwa. Mama yangu alinikanda kila nilipojifungua, nikainuka.

"Mama Ogari, joto linanimaliza," alisema. "Nimekuambia."

Nilimjibu kwamba yule daktari ni mzungu, hajui baridi ya huku inavyoingia kwenye mifupa, na kwamba maji ya moto hayajawahi kumwangusha mtu. Nikamfunika blanketi mbili juu ya mvuke, nikamkanda mapaja mpaka ngozi ikang'aa. Hakubishana tena. Kubishana nako kulimchosha, na mimi nikadhani amekubali.

Alitoka nje jasho linamtiririka, macho yameingia ukungu. Hatukufika nusu ya njia. Miguu ilimkatikia mbele ya Ondieki na wachumaji wote, na vidole vyake havikuweza hata kushika mkono wangu. Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda, aliangalia saa yake, akaingia garini. Ondieki akatema mate kando.

Nilimfuata Ondieki, nikamwambia ni mimi niliyemkanda kwa maji ya moto, amwombee kwa meneja siku nyingine. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mavi.

"Wewe mama, maji ya moto hayajawahi kumwangusha mtu."

Maneno yangu hayo, neno kwa neno, yakitoka kwenye kinywa kile. Nilisikia kinyaa, na safari hii hakikuwa cha Ondieki.

Saa tisa siku hiyo hiyo mvua ikanyesha, ile ya kila siku, baridi mpaka kwenye meno. Ilipopungua nilimwona Bitutu anatoka nyumbani kwake, polepole, bila kushika ukuta. Alitembea mpaka bandani peke yake. Nilipomfikia alikuwa ameketi, anachambua majani, vidole vinakwenda vizuri. Alimaliza kikapu kizima. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Niliandamana naye kwenda kumwambia karani wa shamba, naye akasema aliambiwa saa mbili asubuhi, na saa mbili imepita.

Mwisho wa mwezi lori la kuni lilikuja kumchukua pamoja na Phelis. Nilikuwa nafunga sufuria zake ndani ya shuka aliponiuliza, bila hasira yoyote:

"Ondieki hakuniamini kwa sababu ananidharau. Na wewe, Mama Ogari?"

Nilikaza fundo, nikampa mzigo wake.