Marehemu Aliyesoma Ukurasa Kila Machi

Ofisini walimwita Mama Kanuni, na jina hilo hakulichukia. Tovuti ya mamlaka ya maji ilikuwa na kurasa zaidi ya elfu tatu, na kabla hajakabidhiwa ilikuwa kama stoo ya ukoo: kila mtu ameacha chake, na hakuna ajuaye kipi ni cha nani. Yeye ndiye aliyetunga kanuni. Kila ukurasa uwe na mwenyewe, jina lake liandikwe chini. Kila mwaka mwenyewe ausome upya, kisha abonyeze kitufe cha "Nimesoma". Asipobonyeza, ukurasa unaondolewa. Hata hotuba ya Mkurugenzi iliwahi kuondolewa pamoja na picha yake, na Mama Kanuni akaendelea kunywa chai yake.

Ukurasa mmoja tu ulimshinda. Ulieleza jinsi ya kutibu maji ya kisima nyumbani, na chini palikuwa na jina la mumewe, mhandisi wa mamlaka hiyohiyo, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Kanuni ilidai upewe mwenyewe mpya. Lakini kila Jumapili wifi yake alikuja kumtembelea, akaufungua kwenye simu na kuwaonyesha wanawe: "Mnaona? Huyu ni mjomba wenu. Mpaka leo watu wanakunywa maji kwa maneno yake."

Basi kila Machi Mama Kanuni alifunga mlango, akaingia kwa nenosiri la marehemu, akabonyeza "Nimesoma". Hakusoma. Angesomaje? Sauti ya mumewe ilikuwa mlemle, hata ile "tafadhali, usiharakishe" aliyozoea kumwambia mezani.

Jumanne asubuhi simu ililia. Alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni.

"Mama, mimi nimefuata tovuti yenu. Dawa ya maji, vifuniko viwili kwa ndoo. Sasa watoto kumi na mmoja wako zahanati, koo zinawawaka. Hapa wananiita muuaji. Nimekosa nini mimi?"

Mkemia wa ofisi aliitwa mbio. "Viwili? Hiyo ni dawa ya zamani! Ya sasa ni kali mara mbili. Waraka ulitumwa mwaka juzi kwa kila mwenye ukurasa." Akainamia kompyuta, akacheka. "Loo! Kumbe umesomwa Machi hii, na marehemu. Shemeji kanishinda. Mimi niko hai na kurasa zangu sijazigusa."

Alipomtazama Mama Kanuni usoni, kicheko kilimkauka.

Mkurugenzi, kwa wema wake, alikuwa na njia ya mkato. "Tutangaze kabla ya saa kumi kwamba mwandishi wa awali alikosea. Aliyekufa hafukuzwi kazi, mama."

"Alipoandika hakukosea."

"Najua. Lakini nani atakwenda kumuuliza?"

Mama Kanuni alirudi ofisini kwake, akampigia wifi yake na kumweleza yote.

"Kwa hiyo miaka yote hii nikiwaonyesha watoto, ni wewe uliyekuwa ukibonyeza?"

"Ni mimi, wifi."

"Basi sema ni mtambo. Mitambo haina ukoo."

"Na mpishi je?"

"Mpishi ana watu wake."

"Ndiyo. Nao wana jina lao."

"Ukijitaja wewe umetutaja sisi! Hilo hulioni?" Simu ikakatwa.

Aliliona sana. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka saa tisa na nusu, kisha akaandika juu ya ukurasa: "Kipimo kilichokuwa hapa kilifaa dawa ya zamani, na mwandishi wake alikiandika sawasawa. Aliyeuthibitisha ukurasa huu miaka mitatu bila kuusoma ni mimi, msimamizi wa tovuti. Mpishi aliyeufuata hana kosa." Akatia jina lake kamili, pamoja na ubini wa mumewe, akalituma tangazo shuleni kwanza, kwa Mkurugenzi baadaye. Kanuni yake ilisema anayebonyeza kwa niaba ya mwingine anaondolewa kwenye usimamizi. Alijiondoa mwenyewe.

"Ukurasa huo nipe mimi," alisema mkemia. Alifuta jina la zamani, akaweka lake, akausoma wote kwa sauti, mstari kwa mstari, akirekebisha vipimo. Katikati akasita. "Hapa pana 'tafadhali, usiharakishe'. Niifute?"

"Hiyo si kipimo," alisema Mama Kanuni. "Iache."

Jumapili wifi hakuja. Saa za kumsubiri zilipopita, Mama Kanuni alipiga simu shuleni. Watoto tisa walikuwa wamerudi bwenini, wawili bado wamelazwa. Akauliza habari za mpishi.

"Yupo jikoni," aliambiwa. "Ila siku hizi, kabla ya kuwapa watoto maji, anayaonja kwanza yeye."