Ijumaa za Tonton

Dada yangu alipofariki aliniachia binti yake wa pekee, mtoto wa miaka kumi na moja. Mimi na dada tulikuwa tumevuka mpaka kutoka Uvira, Kongo, miaka mingi nyuma, tukapanga mtaa wa Kanyosha, yeye akauza vitenge, mimi nikashona nguo. Baba wa mtoto alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na alikuwa na mke na watoto kule mtaa wa Kibenga. Mke hakujua habari za binti huyu. Siku ya matanga baba huyo alikuja amechelewa, akakaa nyuma kama jirani tu, kisha akaniita pembeni akaniambia hatamtupa mwanawe.

Na hakumtupa, lazima niseme ukweli. Kila Ijumaa alimfuata shuleni kwa gari, wakaenda kula samaki wa mukeke wa kuchoma karibu na ziwa, akamuuliza masomo, akamnunulia viatu vilipombana. Alikuwa na sharti moja: mbele ya watu amwite tonton, yaani mjomba. Mtoto alikubali bila kinyongo. Kila Ijumaa aliamka kabla sijamwita.

Alipofika miaka kumi na mitano alirefuka, akachukua sura ya marehemu mama yake. Ndipo maneno yakaanza. Aliyeyaanzisha ni rafiki yake wa tangu shule ya msingi, msichana aliyezoea kuja kwangu kusukwa nywele na kula sombe ya majani ya muhogo kama kwao. Alimwona mwenzake na begi jipya, akawaambia wengine kwamba yule wa gari si tonton, ni mzee wake wa mapenzi. Baadaye nilisikia kwamba baba wa msichana huyo alikuwa amerudi Kongo kutafuta kazi, na simu zake zilikuwa zimekatika. Kila Ijumaa aliona mwenzake anafunguliwa mlango wa gari. Nami niliyemlisha miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza habari za kwao.

Maneno yalisambaa. Kwenye simu zao walitumiana picha ya binti yangu akipanda gari, na matusi chini yake. Wavulana walimuuliza bei. Wasichana walihama benchi. Akaacha kula, akasema tumbo linamuuma, nikampeleka kupimwa malaria, hakuwa nayo. Jioni moja, nikiwa kwenye cherehani, alikaa karibu yangu akiokota vipande vya kitambaa sakafuni, akasema bila kuniangalia:

"Mama mudogo, wanasema mi niko na muzee. Nikiwaambia ni baba, ntakuwa nimemuharibia?"

Nilisimamisha cherehani. Nilimwambia anipe nafasi nikaongee na baba yake kwanza. Wakati huo nilifanya madogo niliyoyaweza. Nilimsindikiza asubuhi hadi getini. Nilimwomba simu yake ilale chumbani kwangu, akakubali, usingizi ukamrudia. Nilimpa vifungo vya kushona, na mikono yake ilipokuwa na kazi, mdomo ulifunguka, akanisimulia yote waliyomtamkia. Nilisikiliza bila kumkatiza, ingawa mengine yalinichoma. Nilimwambia matusi ni ya anayeyatoa. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu anayepokea chakula asichokuwa na hamu nacho.

Nikaenda bandarini. Baba yake alitoka na karatasi za mizigo mkononi, tukasimama kwenye kivuli cha malori. Nilimwomba jambo moja: aje shuleni, aingie kwa mkuu wa shule, aseme huyu ni mwanangu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, machozi yakamlengalenga.

"Shemeji, nipe muda kidogo," akasema. "Nimuambie kwanza bibi wangu nyumbani."

Niliamini kwamba atamwambia mkewe, kwa sababu alilia. Nikarudi nikamwambia mtoto avumilie kidogo.

Alivumilia muhula mzima. Ijumaa ziliendelea, ila sasa baba aliegesha gari mbali, nyuma ya kituo cha mafuta, na kujificha kule kukayapa maneno nguvu zaidi. Kila mara binti aliniuliza kama baba ameshasema nyumbani. Kila mara nilimjibu kwamba ni karibu.

Yaliyotokea mwishoni nilisimuliwa na mwalimu wake. Wakati wa mapumziko, yule rafiki alimuuliza mbele ya wote mzee amemnunulia nini wiki hii. Binti yangu akajibu kwa sauti ya kawaida:

"Ule ni baba yangu. Alinizaa inje ya ndoa, ndiyo maana namuita tonton."

Hakuna aliyecheka. Maneno ya mzee yaliisha, yakaja ya mutoto wa inje, lakini hayo hayakumlaza kitandani. Aliniambia ya kweli hayaumi sana kama ya uongo.

Ila habari zilifika Kibenga, kwa mke wa baba yake. Baba yake alinipigia, wala hakuwa na hasira, sauti tu ilikuwa chini. Alisema nyumbani kumeharibika, atakuja mambo yakipoa. Ijumaa iliyofuata binti alisubiri getini mpaka mlinzi akamwambia aende nyumbani. Na iliyofuata pia. Hayajapoa hadi leo.

Rafiki yake alikuja mara moja, akasimama mlangoni kwangu, akauliza kama yupo. Binti alikuwa ndani, akanitikisia kichwa kwamba apana. Nikamwambia msichana hayupo. Familia yao ilivuka kurudi Kongo muda mfupi baadaye. Nikimkumbuka alivyogeuka akaondoka, natamani ningemwambia aingie ale, hao wawili wanyamaziane mezani kwangu hadi mmoja aseme kitu. Na ule muhula wa kusubiri natamani ningeukataa palepale kwenye malori.

Binti sasa anasomea uuguzi. Juzi alinisaidia kupeleka nguo za harusi Kibenga, tukaliona gari la baba yake mbele ya duka. Akapunguza mwendo. Nilimuuliza kama anataka tumsalimie.

"Apana, mama mudogo," akasema. "Tupite kule kwenye miti, jua ni kali."

Njia ile ilikuwa ndefu zaidi. Alinipokea mfuko wa nguo, tukapita kule.