Kikombe cha Kando

Mke wa mwanangu hutia karafuu kwenye kahawa, na harufu ile hunirudisha kwenye shamba letu la Pemba, karafuu zimeanikwa majamvini. Bibi mmoja mchumaji, mwenyeji wa pale, alifika kisimani na kiu, akachota maji ndooni kwa kikombe chetu. Wachumaji walinywea kifuu. Nilikuwa mtoto bado; nikampokonya.

"Hiki chetu. Chako kile pale."

Hakukasirika. "Kikombe chenu, mjukuu wangu. Kisima alichimba babu yangu, karafuu bado hazijapandwa." Akainamia ndoo, akanywa kwa viganja.

Hakuna aliyenituma. Nilifanya mwenyewe, na radhi sikumwomba.

Hapa Ibra, Omani, msichana wetu wa kazi anatoka Pemba. Mke wa mwanangu amemtengea kikombe cha plastiki, kando ya vyetu. Kila alasiri nakichukua mimi, na finjani yangu nampa yeye.

"Ammi, baba yangu, leo tuna wageni," mkwe ananinong'oneza. "Wataona."

"Ndiyo maana nimekaa hapa mbele. Waone." Namgeukia msichana. "Kaa, mjukuu wangu. Nimiminie kwenye hiki cha plastiki, kisha ujimiminie na wewe."

Mkwe anatazama mlangoni. Msichana anakaa.