Kudra Hushika kwa Sikio

Ukiwa Visiga na hujui vitumbua vya Mwanamvua binti Mwinshehe, basi wewe ni mgeni. Mwanamke huyo kazaliwa Kibuta, kule Kisarawe, kaolewa akaletwa huku Kibaha, na ubishi wake kaja nao. Ukimwambia jambo, atakuuliza kwanza nani kakutuma.

Kitu kimoja tu kilimnyamazisha: darasa la nne. Yeye mwenyewe alifeli hapo, akarudia, akafeli tena, wenzake wakavuka wakamwacha kakaa na watoto wadogo wanaomcheka. Akaacha shule. Sasa mwanawe Kudra alikuwa darasa hilohilo, na mtihani wa katikati ya mwaka ukamweka mkiani. Mwalimu Aneth akamwita mama mtu, akamwambia bila kuficha kwamba mtihani wa taifa ukija naye yuko hivi, atarudia. Mwanamvua alitoka pale anahesabu miezi iliyobaki.

Akafanya nini? Akamtoa mtoto chuoni! Chuo cha Kurani cha Ustadh Abdulaziz, alikokwenda kila alasiri, akaona ndicho kinachomla muda. Akhera itasubiri kidogo, alisema, na majirani nao wakasema yao. Alasiri zikawa za tuisheni, nyumbani ikawa ni kunakili. Kudra alikuwa na tabia ya kusoma kwa kuimba huku anajitikisa mbele na nyuma, kama wasomavyo chuoni. Mama akimkuta hivyo, humfinya.

"Soma kwa macho. Mdomo si kitabu."

Basi mtoto wa watu akanakili kurasa kwa kurasa, mwandiko mzuri wa kutamanisha. Ukimuuliza kaandika nini, hakumbuki hata mstari mmoja. Mwanamvua akaanza kuamini kwamba yeye ndiye kamrithisha mtoto uzito wa kichwa, na hilo lilimuuma kuliko kufeli kwake mwenyewe.

Asubuhi moja Ustadh Abdulaziz, kijana mpole asiyejua kugombana, alikuja kununua vitumbua, akauliza taratibu kama Kudra anaumwa. Maulidi yanakaribia, akasema, na ile kasida ndefu hajampata wa kuishika. Wenzake wanaihangaikia wiki nzima na bado inawatoka. Kudra alisomewa mara mbili tu akaidaka yote.

Mwanamvua akacheka. Kudra yupi huyo? Huyu wa kwake asiyejua hata sehemu za mmea? Ustadh hakubishana, akachukua vitumbua vyake akaenda zake. Lakini neno lile likamganda Mwanamvua kutwa nzima. Mtoto alisomewa. Hakusoma, alisomewa.

Jioni akaacha unga wake, akamwita Kudra, akafungua kitabu cha sayansi na kuanza kukisoma kwa sauti, anakokota maneno maana shule yenyewe aliiachia njiani. Mizizi hufyonza maji. Mtoto akamwangalia kama anayetegwa.

"Itikia basi," mama akasema. "Kama chuoni."

Kudra akaitikia. Mara akaanza kujitikisa. Likaja shina, yakaja majani, yote kwa mahadhi yaleyale ya chuoni. Kulipokucha Mwanamvua akamuuliza kabla hata hajanawa uso, na yakamwagika yote, hakuacha kitu. Lahaula! Mwanamke akakaa kitako jikoni, akacheka, kisha akalia, maana alikumbuka ile mifinyo.

Siku hiyohiyo Kudra akarudishwa chuoni. Mwalimu Aneth alipoelezwa, akatafakari, kisha akasema jambo la maana: mtihani hauimbwi. Mtoto akianza kuimba mle ndani, msimamizi hatamwelewa. Wakakubaliana afundishwe kwa sauti, halafu azoezwe kuimba kimoyomoyo. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mama anasoma, mtoto anaitikia, kisha anarudia mdomo kaufumba, mabega tu ndiyo yanayocheza. Darasani nako Mwalimu Aneth akawa anamwacha anong'one kidogo kabla ya kujibu.

Siku ya mtihani vitumbua viliungua. Wateja wakala hivyohivyo, wakinung'unika.

Matokeo yalipotoka, Mwanamvua alikwenda shuleni na Kudra, kanga kaifunga kombo. Mwalimu Aneth alimwona kwa mbali akaanza kutabasamu, na palepale mwanamke akajua. Kudra kapita. Si wa kwanza, wala hakaribii kuwa wa kwanza, lakini kapita, anakwenda la tano. Mwanamvua akajibwaga kwenye ngazi za darasa, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo wa kuni. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, hakuwa na neno lingine. Machozi yanamtoka wala hayafuti.

Kudra akaingiwa na hofu. "Mama, kwani nimefeli?"

"Hujafeli, mwanangu." Akainuka, akamshika mkono. "Twende ukanionyeshe hilo darasa la tano. Mimi sijawahi kuliingia."