Mlango wa Fundi Cherehani

Usiku ule nilikaa sebuleni na simu mapajani, nikimsubiri binti yangu aje na jibu. Kila pikipiki iliyopita iliniinua kitini.

"Mama Maswali," mume wangu akaniita kutoka chumbani, "simu haiivi kwa kutazamwa. Njoo ulale."

"Lala wewe. Tumbo lililombeba si lako."

Maswali ni jina alilopewa binti yetu mtaani. Alipokuwa mdogo hakukubali kulala mpaka ajue nani kafunga geti, na kama kweli kafunga. Sasa yuko ofisi ya takwimu, kitengo cha uhalifu. Polisi wana hesabu zao, lakini ni za waliofika kituoni tu, na wengi hawafiki. Kwa hiyo ofisi hiyo hutuma wahojaji nyumba kwa nyumba, ili serikali ijue watu wanaibiwa wapi na wanaumizwa wapi.

Sasa, kwa hesabu za wahojaji, mtaa wetu haukuwa na mwizi hata wa dawa. Mtaa huu huu, ambao hata ndoo hulala ndani! Maswali akapewa kazi ya kutafuta kasoro. Akaongozana na wahojaji kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akarudi anacheka.

"Mama, tunawauliza watu uani! Mgeni anapewa kiti, nyumba nzima inakuja kumsikiliza. Nani atasema mbele ya mama mkwe kwamba aliyemwibia ni shemeji?"

Akapendekeza kila mtu mzima ahojiwe peke yake, ndani, mlango umefungwa, na mhojaji awe mgeni asiyejulikana mtaani. Mkuu wake hakupenda. Alisema watu wataona wamevunjiwa heshima. Uamuzi ulikuwa jioni ile.

Maswali aliingia, hata viatu hakuvua. "Amekubali, Mama! Ila ni jaribio, tena linaanza mtaani kwetu. Watu wakigoma, njia yangu inatupwa, na mimi narudi kuchapa tarakimu za wenzangu."

Nilimkumbatia. Kisha nikaanza kuwahesabu majirani watakaogoma.

Nyumba ya kwanza ikawa ya jirani yetu, fundi cherehani, mwanamke mpole anayeishi na mama mkwe wake. Huyo mama mkwe tunamwita Bibi Redio. Akijua jambo asubuhi, mchana limefika sokoni. Mhojaji akaingia na fundi, mlango ukarudishwa. Sisi watatu tukabaki barazani: mimi, Maswali na Bibi Redio, ambaye shingo yake ilizidi kurefuka.

Mimi naye tulikuwa hali moja. Niliinuka, nikaenda kwangu, nikarudi na sinia la chai.

"Unaipeleka wapi?" Maswali akauliza.

"Ndani. Mgeni hakai kavu."

"Mama! Ukiingia tu, umeniharibia kazi. Rudisha sinia."

Nikaketi nalo mapajani. Chai ikapoa. Ndani sauti zilikuwa chini, mara kimya, mara zinaanza tena.

Bibi Redio akashindwa. "Nyumba niliyoijenga mwenyewe, leo nafungiwa mlango kama kuku! Wanasema nini humo?"

"Sijui, Bibi," Maswali akamjibu taratibu. "Hata mimi sitaambiwa kasema nini. Wakimaliza ni zamu yako."

"Zamu yangu?"

"Utaingia peke yako. Utasema lako lote, na hakuna atakayesikia. Si mkweo, si mwanao."

"Hata mwanangu?"

"Hata yeye."

Bibi Redio akanyamaza. Kwa miaka yote ya ujirani sijapata kumwona amenyamaza akiwa macho. Akatazama mikono yake, akavuta mtandio, akatazama tena.

Ndipo upepo ukaja, na mlango ule, ambao komeo lake ni bovu siku zote, ukaachia. Upenyo ukawa wa kupitisha sikio. Ndani sauti ya fundi ikakatika. Bibi Redio akainuka. Nikamtazama Maswali, kabana midomo kama utotoni alipokuwa akingoja jibu la geti. Nikasema moyoni, kazi ya mwanangu imekwisha.

Bibi akafika mlangoni, akashika kitasa. Hakuchungulia. Akauvuta mlango mpaka ukalia, kisha akaburuta kigoda chake, akakikalia, akauegemea mlango kwa mgongo.

Baada ya kitambo kidogo, ndani sauti ya fundi ikaendelea.

"Nipe hiyo chai," Bibi akaniambia, "hata kama imepoa."